Kusawazisha, Kupima au Kuwianisha? Istilahi ya Haki Zinazogongana

Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kuunda istilahi za sheria si kazi ya maktabani tena. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi moja inayosumbua, nayo ni jina la kazi ifanywayo na majaji pale haki mbili zinapogongana. Wafasiri wengi huandika kwamba mahakama "husawazisha" haki. Neno ni tamu, lakini lapotosha.

Kusawazisha ni kufanya vitu viwe sawa, kama fundi asawazishavyo sakafu. Jaji hafanyi hivyo. Tuchukue mfano wa mkazi wa Kurasini, jirani na bandari na matangi ya mafuta, ambaye kiwanja chake kinatakiwa ili bandari ipanuliwe. Yeye ana haki ya mali yake. Umma nao una maslahi katika bandari. Mahakama haiwezi kumwachia nusu ya nyumba na kuwapa wengine nusu ya gati. Ibara ya 24 ya Katiba yakubali mali itwaliwe, ila kwa idhini ya sheria iwekayo masharti ya fidia inayostahili. Katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay (1994), Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hata ardhi inayomilikiwa kimila ni mali ilindwayo na ibara hiyo, na kwamba jasho lililomwagwa juu yake lastahili fidia. Linaloulizwa, basi, si nani ana haki kubwa zaidi, bali ni kwa kiasi gani haki yaweza kukatwa.

Kiasi hicho ndicho kiini cha jambo. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 30 yaruhusu sheria kuziwekea mipaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, lililohusu sharti la kuomba ridhaa ya Serikali kabla ya kuishtaki, Mahakama ya Rufani ilieleza vigezo viwili: sheria hiyo isitoe mwanya wa uonevu, na kizuizi chake kisizidi kile kinachohitajika kwa busara ili kufikia lengo halali. Sharti lile likabatilishwa.

(Yafaa msomaji asichanganye mambo: Mahakama Maalum ya Katiba itajwayo katika Ibara ya 125 ni ya migogoro baina ya Serikali ya Muungano na ile ya Zanzibar. Mashauri ya haki za msingi huanzia Mahakama Kuu.)

Kigezo cha pili si chetu peke yetu. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikitumia mwaka 1958, ilipobatilisha sheria ya Bavaria iliyozuia watu kufungua maduka ya dawa, kwa kuwa afya ya umma ingeweza kulindwa kwa njia nyepesi zaidi. Mahakama ya Juu ya Uganda nayo, mwaka 2004, katika shauri la waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo.

Hata hivyo, kipimo kimoja chaweza kutoa majibu mawili. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Mbushuu, ilikiri kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, lakini ikaona kuwa Ibara ya 30 yairuhusu. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta adhabu hiyo. Mfasiri akiandika kwamba mahakama zote mbili "zilisawazisha", msomaji hataelewa zilipoachana njia.

Kwa hiyo twapendekeza "kupima" kwa tendo la jaji, na "uwiano wa kizuizi na lengo" kwa kigezo chenyewe, hivyo hakimu aweza kuandika: "Kizuizi hiki hakiwiani na lengo lake." Uwiano tayari ni neno la hesabu, na hilo si kasoro, maana hapa pia ni kiasi kinachopimwa kwa kiasi. Lakini siasa nazo zina uwakilishi wa uwiano. Ndiyo sababu istilahi iandikwe kwa ukamilifu inapotajwa mara ya kwanza katika hukumu, kisha "uwiano" pekee litoshe.