Kimea, Hopsi na Chachu: Upikaji wa Bia Nyumbani na Istilahi Zake katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, alieleza aina ya chachu iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya pili ya jina hilo ni neno la Kiswahili. Mwaka 2001 Paul Nurse, aliyeitumia chachu hiyo kuchunguza jinsi seli inavyojigawa, alikuwa miongoni mwa watu watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Hivyo basi, neno letu limekwisha kuingia katika maabara za dunia. Hata hivyo, anayetaka kueleza kwa Kiswahili jinsi bia ya shayiri inavyopikwa nyumbani hushawishika kuazima karibu kila istilahi.

Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa sehemu kubwa ya istilahi hizo tunazo tayari. Tutaeleza upikaji wenyewe hatua kwa hatua, tukimfikiria mwanafunzi aliyeko Kigoma au Ujiji, kisha tutaonyesha mahali ambapo uteuzi mbaya wa neno unaweza kuleta madhara. Ieleweke kwamba wakazi wengi wa Ujiji ni Waislamu, na kwao mpaka kati ya togwa na pombe si suala la msamiati tu. Jambo hilo nalo ladai istilahi zilizo sahihi.

2.0 Kimea na Shira Yake

Nomino kimea imetokana na kitenzi mea. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa. Wakati wa kuchipua, punje hutengeneza vimeng'enya viwezavyo kugeuza wanga kuwa sukari. Kanuni ni ileile kwa ulezi wa mbege ya Wachaga, kwa mtama wa impeke ya Warundi na kwa shayiri ya bia ya kiwandani.

Mpishi wa kiwandani huloweka kimea kilichosagwa katika maji yenye joto la nyuzi 65 hivi za Selsiasi, huchuja machicha, na kubaki na maji matamu. Maji hayo yakipunguzwa hadi yawe mazito kama asali, hupatikana bidhaa ambayo tunapendekeza iitwe shira ya kimea. Neno shira limezoeleka kwa kiowevu kizito cha sukari, nalo linafaa kuliko dondoo, ambalo msomaji hulihusisha zaidi na maandishi. Anayeanza na shira ameepushwa na hatua iliyo ngumu kuliko zote, yaani kudhibiti joto la kimea.

3.0 Hopsi na Msesewe

Hopsi ni maua ya kike ya mmea utambaao wa Humulus lupulus. Utomvu wake una asidi ambazo, zikichemshwa kwa muda mrefu, hugeuka na kutoa uchungu. Uchungu huo husawazisha utamu wa kimea na kuzuia baadhi ya bakteria. Mmea huu huhitaji michana mirefu ya kiangazi ili uchanue vizuri. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kwa hiyo hopsi haina budi kuagizwa kutoka mbali.

Lakini dhana ya kutia uchungu si ngeni. Wachaga hutumia magome ya msesewe katika mbege. Hatudai kuwa msesewe na hopsi ni kitu kimoja. Tunachodai ni kwamba kitenzi tia uchungu kinatosha kuitaja kazi ya vyote viwili. Jina la mmea na liazimwe, lakini jina la kazi halina haja ya kuazimwa.

4.0 Utaratibu wa Lita 20

Kwa lita 20 za bia, kilo 3 za shira ya kimea huyeyushwa katika maji moto, sufuria ikiwa imeepuliwa ili shira isiungue chini. Mchanganyiko hurudishwa motoni na kuchemshwa kwa saa moja pamoja na gramu 30 za hopsi zenye asidi chungu kiasi cha asilimia 6. Baada ya hapo hupozwa upesi hadi chini ya nyuzi 25, hujazwa maji hadi lita 20, na kutiwa gramu 11 za chachu kavu ya bia. Chombo hufunikwa kwa namna inayoruhusu hewa itokayo kupata njia.

Haidromita, ambayo hupima uzito wa kiowevu ukilinganishwa na wa maji, itaonyesha takribani 1.045 mwanzoni. Chachu ikimaliza kula sukari, kipimo hushuka hadi karibu 1.012, na kileo huwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Kazi hii huchukua siku 10 hadi 14. Kisha bia hutenganishwa na mashapo, hutiwa gramu 120 za sukari, na kufungwa katika chupa imara kwa wiki mbili ili ipate povu.

5.0 Mazingira ya Ziwa

Mazingira ya Kigoma yanadai marekebisho matatu. Kwanza, maji ya Ziwa Tanganyika yana ualkali mwingi, na pH yake hukaribia 9. Maji ya namna hiyo huufanya uchungu wa hopsi uwe mkali. Maji ya mvua yaliyochemshwa yanafaa zaidi. Pili, uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Saa moja ya kuchemsha isipunguzwe. Tatu, joto la mchana mara nyingi hufika nyuzi 28, ilhali chachu nyingi za bia hutaka nyuzi 18 hadi 22, na zenyewe huongeza joto zikifanya kazi. Dawa yake ni kanuni ya mtungi: chombo kiwekwe katika karai la maji na kuvikwa kitambaa kilicholowa, ili maji yanayokauka yachukue joto.

6.0 Mahali Ambapo Neno Hudhuru

Tuangalie jozi mbili. Hamira na chachu mara nyingi hutumiwa kama visawe. Mwanafunzi aliyeambiwa atie hamira atakwenda dukani kununua ile ya mikate, nayo itampa pombe yenye ladha asiyoitarajia. Tunapendekeza hamira ibaki kwa unga, na chachu itumike kwa vinywaji.

Jozi ya pili ni nzito zaidi. Pombe huweza kusemwa imeiva kwa sababu inalewesha, hali bado inachacha. Kwa pombe inywewayo siku hiyohiyo, tofauti hiyo haina athari kubwa. Kwa bia itakayofungwa katika chupa, ni hatari: gesi huzidi, chupa hupasuka, na vigae humjeruhi aliye karibu. Maelekezo yaseme wazi kuwa bia imekoma kuchacha, na kigezo kiwe kipimo cha haidromita kisichobadilika kwa siku tatu mfululizo.

7.0 Hitimisho

Tumeona kuwa kimea, shira, machicha, mashapo, chachu, chacha na tia uchungu ni maneno yetu, na kwamba hopsi na haidromita pekee ndiyo yaliyolazimu kutoholewa. Anayepika ili auze akumbuke pia kwamba Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka masharti ya leseni. Kwa mwanaisimu, somo ni kwamba istilahi za ufundi zitafutwe kwanza kwa wanaoufanya. Katika nyumba nyingi za nchi yetu upishi wa pombe ni kazi ya wanawake, na wao ndio wanaojua tofauti ya machicha na mashapo. Utafiti wa istilahi za pombe katika Kiha na lugha jirani za mwambao huu unawasubiri wanafunzi wetu wa uzamili.