Flashi isikudedie na kazi ya watu: Hivi ndivyo utachagua programu ya kubana, kunakili na kuhifadhi faili

Umepiga harusi Jumamosi. Klayenti anataka video Jumatatu, na doo ya mwisho inatoka akishaipata. Unaweka faili kwa flashi, inakuambia eti ni kubwa mno, na nafasi unaiona imejaa tele. Noma! Wengi wetu hukumbuka mambo ya kuhifadhi faili siku ile zimeshaenda. Wewe tulia tukupee rada mapema.

Kwanza elewa kwamba kubana, kunakili na kuhifadhi ni kazi tatu tofauti. Hakuna programu moja inayomaliza zote.

Kubana

Kama hutaki kutoa hata ndururu, chukua 7-Zip. Ilitengenezwa na Mrusi, Igor Pavlov, ikatoka 1999, na ni ya bure kabisa. Faili zake za 7z mara nyingi hutoka ndogo kuliko ZIP. Lakini ukimtumia mtu usiyejua kompyuta yake ikoje, mpe ZIP. Hiyo imekuwepo tangu 1989 na hufunguka karibu kila mahali.

Na WinRAR je? Ni ya kulipia. Unapewa siku 40 za kujaribu, halafu inaanza kukukumbusha ununue. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuongeza data ya ukarabati, ili faili ikiharibika kidogo irekebishike. 7-Zip hufungua RAR lakini haiwezi kuitengeneza. Chunga tu usikae na WinRAR ya kitambo: mwaka wa 2023 wadukuzi walipatikana wakitumia mwanya uliozibwa kwenye toleo la 6.23, na programu yenyewe haijisasishi. Ile ya kukrakiwa nayo sare kabisa, unaweza kujiletea virusi kejani.

Ukweli ambao wasee wengi hawajui: picha za JPEG, nyimbo za MP3 na video za MP4 tayari zimebanwa. Ukizitia kwa ZIP, hazitapungua kitu cha maana. Faida yake hapo ni kuzikusanya pamoja ziwe faili moja. Zinazopungua sana ni maandishi matupu na data za CSV.

Sasa ile flashi ya harusi? Shida si nafasi. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, na huo haubebi faili moja inayofika GB 4. Toa kila kitu kwa flashi, kisha uifomati iwe exFAT. Kama huwezi, 7-Zip inaweza kukata faili iwe vipande vidogo.

Kunakili

Vitu vidogo, nakili kawaida. Kazi kubwa inataka programu inayokagua. TeraCopy inaweza kulinganisha nakala na faili ya awali, ikuambie kama kuna iliyoharibika njiani. Windows nayo ina Robocopy ndani yake tangu enzi za Vista, na huruka faili ambazo tayari zimenakiliwa. Lakini mtu wangu, usicheze na amri yake ya /MIR. Hiyo hufuta upande wa pili kila kitu ambacho hakipo upande wa kwanza. Ukikosea folda, umejimaliza mwenyewe.

Kuhifadhi

Hesabu ni 3-2-1: nakala tatu, kwa vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Moja kwa kompyuta, moja kwa diski ya nje, moja kwa Google Drive, ambayo hukupa GB 15 za bure, ingawa unazigawana na Gmail na picha zako. Huna bando? Acha diski moja ushago kwa mathe. Mwizi akija au moto ukitokea, haitaenda na zingine.

Ukiweka paswadi kwa faili za siri, chagua AES-256. Ila ukiisahau, hakuna wa kukupigia simu akurudishie. Iandike mahali salama.

Mwisho kabisa, nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Ifungue, cheza video hadi mwisho, ndipo ufute kadi ya kamera. Bibi harusi hawezi kurudi kanisani Jumatatu.