Fonti na Majina ya Watu: Elimu ya Herufi Katika Kompyuta (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi kompyuta inavyoipa kila herufi nambari yake. Leo, inshallah, tutaendelea hadi kwenye sura ya herufi, yaani fonti, namna inavyotiwa katika kompyuta, inavyotunzwa na inavyotolewa. Na kwa kuwa maelezo yasiyo na mahali pa kusimamia aghalabu hayamfai msomaji, tutayatazama mambo haya kutoka Kericho na Bomet, nchi ya majani chai, ambako kazi kubwa ya fonti imo mikononi mwa vijana wa saiba za Kericho mjini, Litein, Kapkatet, Sotik na Silibwet, hao wanaotuchapia kadi za harusi na za koito, programu za mazishi, vyeti vya watoto wa chekechea, na matangazo ya mikutano ya wakulima wakati wa bonasi unapokaribia.

Rai yangu naitanguliza mapema, ili asiye na wasaa wa kusoma hadi mwisho asiondoke mikono mitupu: fonti huchaguliwa kwa majina itakayoyaandika, wala si kwa urembo wake. Fonti ni faili iliyokusanya michoro ya herufi, na aliyeichora ndiye aliyeamua ni herufi zipi azitie na zipi aziache. Times New Roman, ambayo gazeti la The Times la London lilianza kuitumia mwaka 1932, na iliyoingia ndani ya Windows mwaka 1992, imepanuliwa kwa miaka mingi hata ikabeba herufi za lugha nyingi za dunia. Walakini fonti ya kupamba iliyotungwa na mtu mmoja kwa ajili ya mabango ya nchi yake huenda isiwe na zaidi ya A hadi Z, tarakimu na nukta. Hata Algerian, iliyotawala vyeti na kadi zetu kana kwamba hakuna nyingine, haina herufi ndogo hata moja.

Sasa tuyatazame majina ya hapa. Lang'at, Ng'eno na Ng'etich yana alama moja ndogo juu ya mstari, ambayo kwa Mkipsigis ni sehemu ya jina. Karani anapoipiga katika Word, programu hiyo, ikidhani ni alama ya kufungia maneno ya mtu, huigeuza ile iliyosimama wima ikawa iliyopinda. Nazo, japo zinafanana machoni, ni herufi mbili zenye nambari mbili tofauti. Fonti ya kupamba aghalabu huwa na ile ya wima na kuikosa ile iliyopinda. Hapo programu moja humwazima mwenye kuandika alama kutoka fonti nyingine, ikakaa katikati ya jina kwa unene usiolingana na jirani zake, na programu nyingine huacha kisanduku kitupu, hata programu ya mazishi ikatoka printani na jina la marehemu limekatwa vipande viwili mbele ya jamaa zake. Ndugu zetu Waagikuyu waliomo humu mashambani na mijini hupatwa na dhiki hiyo hiyo katika Wanjikũ na Mũthoni, kwa kuwa ile ũ haimo katika fonti nyingi za bure.

Fauka ya hayo, namna ya kuikagua fonti ina hila yake. Ukiibofya mara mbili faili ya fonti, Windows hukufungulia dirisha la kielelezo lenye alfabeti, tarakimu, alama chache, na ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha na mbwa iliyorudiwa kwa ukubwa mbalimbali. Humo alama ya wima imo, ile iliyopinda haimo. Basi anayeridhika na kielelezo hicho amekagua kitu ambacho kadi yake haitakitumia. Njia iliyo salama ni kuitia fonti, kufungua Word, na kuandika kwa fonti hiyo majina ya wenyeji: Ng'eno, Lang'at, Mũthoni. Zikilingana zote, kazi na iendelee.

Kuitia kwenyewe si kazi ya kustaajabisha. Fonti za siku hizi huja kwa namna mbili, TrueType, iliyoanzia kwa Apple, na OpenType, iliyotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, na majina ya faili zake huishia kwa .ttf au .otf. Aghalabu hupakuliwa zikiwa zimefungwa katika furushi la zip. Lifungue furushi lote kwanza, kisha bofya faili kwa kitufe cha kulia, uchague Install. Hapa pana jambo linalowahangaisha wengi: tangu matoleo ya Windows 10 ya mwaka 2018 au karibu na hapo, amri hiyo huitia fonti kwa ajili ya mtumiaji mmoja tu, yule aliyeingia wakati huo. Saiba ambayo mhudumu wa asubuhi ana akaunti yake na wa alasiri ana yake, huyu atadai fonti ipo na yule ataapa haipo, nao wote wawili ni wakweli. Dawa yake ni kuchagua Install for all users. Tena Word iliyokuwa wazi wakati wa kutia huenda isiionyeshe fonti mpya mpaka ifungwe na kufunguliwa upya.

Faili inayojiita fonti lakini jina lake likaishia kwa .exe ni programu, si fonti, na ifutwe pasipo kufunguliwa. Wala tusidhani kwamba fonti ya kweli haina madhara kabisa: mwaka 2011 wadukuzi wa programu iliyoitwa Duqu waliingia katika kompyuta za watu kwa hati ya Word iliyobeba fonti ya TrueType yenye sumu, wakitumia kasoro ya Windows ambayo Microsoft iliiziba baadaye. Kwa hiyo usasishaji wa Windows, ambao wenye saiba huuzima ili kuhifadhi bando, una faida usiyoiona.

Jambo la pili kwa uzito baada ya majina ni kwamba fonti haisafiri na hati. Mtu hutengeneza programu ya mazishi ya kurasa nane huko Litein, akaitia katika flashi, akaipeleka Kericho kwenye printa kubwa. Kompyuta ya Kericho, isipoiona fonti ile, hutia nyingine kimyakimya, mistari ikarefuka, picha zikasukumwa, na kurasa nane zikawa tisa. Ama ihifadhi hati kama PDF, ambayo kwa kawaida huzibeba fonti zake, ama, ikiwa mchapaji atahitaji kuirekebisha, ingia File, kisha Options, kisha Save, na utie alama penye Embed fonts in the file. Fonti nyingine huwa zimezuiliwa na mwenyewe zisipachikwe hivyo. Basi hapo PDF iliyotolewa kwa uangalifu, au fonti nyingine, ndiyo suluhu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote katika mambo haya tunao pale Kericho mjini, kwenye Gurdwara kubwa la Masingasinga, lililojengwa kwa kumkumbuka Baba Puran Singh, aliyekaa hapa kabla ya kuhamia Birmingham. Maandiko yao huandikwa kwa herufi za Gurmukhi. Kabla kompyuta za kawaida hazijazijua herufi hizo, Daktari Kulbir Singh Thind wa Marekani alitengeneza fonti, mojawapo ikiitwa AnmolLipi, ambamo michoro ya Gurmukhi iliwekwa juu ya nambari za herufi za Kilatini. Ilikuwa kazi kubwa, na watu wa jamaa hiyo ulimwenguni kote waliifaidi. Lakini hati iliyoandikwa hivyo, ikifunguliwa penye kompyuta isiyo na fonti hiyo, jina Waheguru huonekana «vwihgurU», na anayeisoma asijue kama ni sala au ni kompyuta imeharibika. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ikiwa na fonti ya Raavi, iliyozifuata nambari za Unicode, kila herufi ya Gurmukhi ilikuwa na nambari yake yenyewe, na tangu hapo hati mpya husomeka kwa fonti yoyote yenye Gurmukhi. Zile hati za zamani hazikujigeuza. Ziligeuzwa, na nyingine zingali zinangoja.

Wanaoandika isimu ya Kikalenjin, wakifuata njia ya Daktari Taaitta Toweett wa Kericho, aliyewahi kuwa waziri wa elimu na ambaye kitabu chake cha lugha hiyo kilitoka mwaka 1979, huhitaji alama za irabu ambazo tahajia ya kawaida haizionyeshi. Hao watumie Charis, Doulos au Andika za shirika la SIL. Ni za bure, na leseni yake yamruhusu mtu kuzitumia hata katika kazi ya malipo, jambo ambalo fonti nyingi ziitwazo za bure hazilikubali.

Ama kuzitunza, maneno ni machache. Usizitie fonti mia tano kwa sababu zimepatikana. Word huchelewa kufunguka, na karani hupotelea katika orodha. Weka faili asilia katika folda moja nje ya kompyuta, na zisizotumika uzitoe kupitia Settings, Personalization, Fonts, baada ya kuzifunga programu zinazozitumia.

Nawasihi basi wenye saiba: kabla ya kumwonyesha mteja kitabu cha vielelezo vya kadi, mwombeni orodha ya majina, mkaijaribu fonti juu ya orodha hiyo. Juma lijalo tutaeleza kibodi, na jinsi ya kuipata ile ũ pasipo kuinakili kutoka kwingine.