Pesa zimetoka, duka linasema bado: fanya hivi kabla ya kulipa tena

Tuseme uko Amagoro, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Umechukua saruji na misumari, jumla KSh 3,400. Muuzaji anaandika namba yako kwenye kompyuta yake, ombi la PIN linafunguka kwenye simu yako, unaweka, na meseji inaingia: pesa zimetoka. Ukiinua macho, kompyuta ya duka bado inasema "Inasubiri malipo".

"Mama, mimi nishalipa."

"Huku bado sijaona kitu, kijana wangu. Hebu jaribu tena."

Hapo kwenye "jaribu tena" ndipo mtu hulipa mara mbili. Leo tunaeleza kinachoendelea wakati huo, na unachofaa kufanya.

Ombi moja, majibu mawili

Wengi hudhani kompyuta ya duka inaongea na simu yako moja kwa moja. Sivyo. Zote mbili zinaongea na seva ya kampuni ya pesa, iliyo mbali na hapo. Mambo huenda hivi:

1. Duka linatuma ombi: mwenye namba hii alipe KSh 3,400.
2. Seva inajibu papo hapo: ombi limepokelewa. Jibu hili halisemi umelipa. Linasema tu ombi limefika na limepewa namba ya kulifuatilia.
3. Seva inatuma ombi la PIN kwenye simu yako. Hapa wote wanakusubiri wewe.
4. Ukiweka PIN sahihi na salio likitosha, seva inahamisha pesa na kukutumia meseji.
5. Seva inarudi kwa duka, kupitia anwani ya intaneti ambayo duka liliacha, na kuliambia matokeo. Jibu hili la pili ndilo mafundi wa kompyuta huliita kolibaki.

Dereva wa lori pale Malaba anaijua hali hii vizuri. Anampa wakala wa forodha makaratasi, wakala anasema, "Nimezipata, nitakupigia." Hiyo "nimezipata" haimaanishi lori limeruhusiwa kuvuka. Dereva anangoja simu. Na kama simu yake imezima chaji, ruhusa inaweza kuwa ilishatoka, ila yeye ndiye hajaambiwa.

Duka lililokosa kolibaki liko kama huyo dereva. Pesa zimehama, lakini habari haijafika.

Kwa nini jibu la pili halifiki?

Mara nyingi shida iko upande wa duka: intaneti imekatika, umeme umepotea, au mfumo wake umezimika wakati seva inabisha hodi. Wakati mwingine jibu limechelewa tu njiani.

Lakini kuna hali nyingine inayofanana nayo kwa macho: malipo kweli hayakufanyika. Kwenye Daraja, mfumo ambao Safaricom huutumia kuunganisha biashara na M-Pesa, kolibaki hubeba namba ya matokeo:

- 0: malipo yamekamilika.
- 1: salio halitoshi.
- 1032: mteja amekataa ombi.
- 1037: simu ya mteja haikupatikana au haikujibu.
- 2001: PIN si sahihi.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "imekataa", muulize mfumo wake unasema nini hasa. "Imekataa" na "bado sijapata jibu" ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza linakuruhusu kujaribu tena. La pili linataka usubiri na kuuliza.

Ukiwa mpakani, angalia mtandao

Busia na Malaba, simu yenye laini ya Kenya inaweza kushika mnara wa Uganda hata kabla hujavuka. Hapo ombi la PIN linaweza kuchelewa au lisifike kabisa. Kama hujaona ombi, tazama jina la mtandao juu ya kioo. Likiwa la ng'ambo, ingia kwenye mipangilio ya simu, uchague mtandao wako wewe mwenyewe, kisha muuzaji atume upya.

Ukiwa na laini mbili, hakikisha umempa muuzaji namba ya laini yenye pesa. Ombi huenda kwa namba aliyoiandika, si kwa simu iliyo mkononi mwako.

Hatua za kufuata

1. Usiweke PIN mara ya pili kwanza. Ombi jipya likifunguka, likatae mpaka ujue la kwanza lilifikia wapi.
2. Angalia salio lako kwenye menyu ya simu. Kwa M-Pesa unaweza kupiga *334#. Kama salio halijapungua na hakuna meseji, hujalipa.
3. Kama limepungua, msomee muuzaji kodi ya muamala, zile herufi na namba zilizo kwenye meseji. Mwombe aitafute kwenye rekodi za till yake. Mfumo wake ukiwa umeunganishwa vizuri, unaweza pia kuiuliza seva: lile ombi liliishia wapi?
4. Ukiwa umeshalipa mara mbili, utakuwa na kodi mbili tofauti. Zitunze zote, mwonyeshe muuzaji, na upigie huduma kwa wateja kwa namba rasmi. Hakuna mhudumu wa kweli atakayekuomba PIN.

Na wewe mwenye duka

Usitoe mzigo kwa sababu tu mteja amekuonyesha meseji kwenye simu yake. Meseji inaweza kughushiwa. Angalia rekodi yako mwenyewe.

Pia usimlazimishe mteja kulipa upya kwa sababu kioo chako kimekwama. Mwambie fundi wako ahakikishe mambo matatu: mfumo uiulize seva kolibaki ikichelewa, kolibaki ileile ikija mara mbili ihesabiwe mara moja, kwa kufuata kodi ya muamala, na mfumo usiamini kila anayebisha kwenye anwani ya kolibaki, kwa sababu tapeli akiijua anaweza kutuma "amelipa" ya uongo.

Kumbuka hili unapoenda sokoni kesho: kioo cha duka kinaonyesha kile duka limeambiwa. Pesa ziko wapi, anayejua ni seva. Kwa hiyo kabla ya kujaribu tena, uliza kwanza.