Benki Ikikukatalia Mkopo wa Nyumba Kayole

Hakuna sheria ya Kenya inayoilazimisha benki kumkopesha mtu. Inacholazimika kufanya, ikikukatalia kwa sababu ya ripoti ya CRB (shirika linalotunza taarifa za mikopo ya watu), ni kukuarifu hivyo na kukutajia CRB iliyotoa ripoti hiyo, kati ya TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ukishaarifiwa, unapewa nakala ya ripoti yako bure, mbali na ile ya kila mwaka. Omba sababu kwa maandishi. Maelezo ya mdomo ya kaunta si ushahidi.

Katika mtaa wa Kayole, Nairobi, jambo hili ni zito, maana wengi mkopo wao wa kwanza ulitoka kwenye simu. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza 2012, na programu nyingine zikafuata, deni la shilingi mia tano lilitosha kumchafulia mtu jina. Kanuni za CRB za 2020 zilizuia kuorodheshwa kwa madeni yasiyofika Sh1,000. Ukipinga kilichoandikwa, CRB huweka alama kuwa taarifa ina mgogoro na kumuuliza mkopeshaji; asipothibitisha, taarifa hiyo hufutwa. Deni la kweli ni habari nyingine: hata ukilimaliza, rekodi ya kuchelewa hukaa miaka mitano. Na kama uamuzi ulitolewa na kompyuta peke yake, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kudai uangaliwe upya.

Haki hizo, kwa maoni yangu, zinagusa nusu tu ya tatizo. Chukua mfano wa mama muuza mitumba wa Masimba, hapo Kayole. Mezani kwa afisa wa mikopo anaweka taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima na barua ya kugawiwa ploti, mikunjo yake imeshikizwa kwa seloteipu. Pesa zinaonekana zikiingia: mia tatu, mia nane, siku ya soko elfu nne. Afisa anauliza payslip. Kisha anauliza hati miliki, kwa kuwa bila hati hiyo hakuna rehani ya kusajili. Jina lake CRB ni safi kabisa, na bado anarudi mikono mitupu. Hapo hakuna ripoti ya kupinga.

Si ajabu basi kwamba kufikia mwisho wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. KMRC, kampuni iliyoundwa 2018, huzipa benki na sacco fedha za muda mrefu ili zikopeshe kwa riba nafuu. Mfanyabiashara asiye na payslip angeanza na sacco, inayomjua kwa akiba zake za kila wiki kabla hajaomba chochote. Hata huko hati itaulizwa. Ni afadhali kuitafuta ploti kwenye Ardhisasa, mtandao wa ardhi uliozinduliwa 2021 ukianzia Nairobi, kabla ya kumlipa mthamini, kwa sababu mthamini hupokea malipo yake hata ombi likikataliwa.