Labania ya Sikukuu: Sukari, Maziwa na Hewa ya Pwani

Labania ni kitamutamu cha sukari na maziwa, kinachokatwa vipande vya mraba au vya msharazi na kulainika mdomoni bila kutafunwa sana. Wengine Dar es Salaam huiita kashata ya maziwa, kwani hupangwa sinia moja na kashata za nazi na za karanga. Jamaa zake ni barfi ya maduka ya Kihindi ya Kisutu na Upanga, na fudge ya Marekani, iliyokuwa ikiuzwa Baltimore mwaka 1886 na kupata umaarufu vyuoni mwaka 1888, pale mwanafunzi Emelyn Hartridge alipopika ratili 30 kwa ajili ya mnada wa chuo cha Vassar. Vyote vitatu vinategemea jambo moja: sukari iyeyushwe kwa moto, kisha igande upya kwa chembe ndogo ambazo ulimi hauzihisi. Anayelielewa jambo hilo anaweza kubuni rangi, ladha na maumbo apendayo bila kuharibu sinia.

Msimu wake ni Idi, Krismasi na Diwali, wakati vitamutamu vinapotembezwa kwa majirani na ndugu. Labania inaifaa kazi hiyo kuliko kaimati, kwa kuwa haina shira ya kuvuja, hailiwi moto, na huhimili safari ya boti kwenda Unguja au ya basi kwenda bara.

Kwa sinia moja dogo hutosha sukari nyeupe gramu 400 (vikombe viwili), maji mililita 240 (kikombe kimoja), maziwa ya unga gramu 250, samli kijiko kimoja cha mezani, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, na chumvi kidogo sana. Matokeo yake ni takriban gramu 700. Vyote hupatikana Kariakoo, ila vinahitaji kuchaguliwa. Maziwa yawe yenye mafuta yake yote. Yale ya kupimiwa kwenye vifuko huwa yamekwisha kuvuta unyevu na kufanya mabonge, hivyo yachekechwe kwanza. Iliki, ambayo hulimwa Usambara Mashariki na Uluguru, inunuliwe ikiwa na maganda yake ya kijani na kutwangwa siku ya kupika, maana iliyosagwa mapema hupoteza harufu. Zafarani na lozi, kwa atakaye kuziongeza, hutoka ng'ambo na bei yake ni kubwa. Nyuzi chache za zafarani zilizoloweshwa kwenye kijiko cha maziwa ya moto zinatosha sinia zima.

Kazi huanza kwa shira. Sukari na maji huwekwa kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, na kukorogwa mpaka punje zote ziyeyuke kabla ya kuchemka. Shira ikishachemka, mwiko hutolewa. Punje zilizonata ukingoni mwa sufuria hufutwa kwa brashi iliyoloa maji, kwa sababu punje moja ikiangukia ndani huweza kuigandisha shira kabla ya wakati, tena kwa chembe kubwa. Kadiri maji yanavyokwenda na mvuke, ndivyo joto la mchemko linavyopanda. Likifika nyuzi 115 za Selsiasi, asilimia 85 hivi ya shira huwa ni sukari, na hapo ndipo pa kuepua.

Asiye na kipimajoto hutumia bakuli la maji baridi. Tone la shira hudondoshwa humo na kukusanywa kwa vidole. Likisambaa majini, bado ni bichi. Likikusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea na kulala bapa kikitolewa majini, limefika. Likiwa kidonge kigumu, limepitiliza. Kila jaribio lifanywe sufuria ikiwa nje ya moto, hasa kwa anayepikia jiko la mkaa, kwa kuwa digrii za mwisho hupanda upesi na mkaa haupunguzwi ghafla kama gesi.

Nyuzi 115 ni kipimo cha usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, na Dar es Salaam iko hapo hapo. Anayefuata maelekezo haya Arusha au Mbeya hana budi kupunguza nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi za mwinuko, la sivyo labania yake itatoka kavu na ya kuvunjika. Kipimo cha kidonge hakibadiliki popote.

Sufuria ikiepuliwa huachwa dakika mbili au tatu mapovu yatulie. Samli, chumvi na iliki hutangulia, kisha maziwa ya unga hutiwa kwa awamu tatu huku mchanganyiko ukipigwa kwa mwiko. Shira inayopoa huwa imebeba sukari nyingi kuliko inavyoweza kuishikilia, na hutafuta pa kuanzia kuganda. Mapigo ya mwiko na punje za maziwa huipa maelfu ya mahali pa kuanzia kwa mkupuo mmoja, hivyo chembe huwa nyingi na ndogo. Mafuta na protini za maziwa hukaa katikati ya chembe hizo na kuzizuia zisikue. Shira inayopigwa ikiwa moto mno hutoa chembe chache na kubwa, na labania hiyo hukwaruza ulimi.

Dalili ya kumimina iko kwenye uso wa mchanganyiko. Mwanzoni hung'aa. Baada ya dakika chache mng'ao hufifia, rangi hupauka kidogo, na mfuo wa mwiko hubaki ukionekana kabla ya kujifunga taratibu. Hapo hakuna nafasi ya kusubiri; humiminwa mara moja kwenye sinia lililopakwa samli na kusawazishwa kwa kisu kilichopakwa samli pia. Baada ya robo saa huchorwa mistari, na kisu huzamishwa hadi chini labania ikishapoa kabisa. Ikikatwa ikiwa moto hufuata kisu. Ikiachwa ipoe bila mistari, hupasuka ovyo.

Ubunifu huingia hapa. Labania ya tabaka hupatikana kwa kugawa mchanganyiko mara mbili au tatu, kila sehemu ikapewa rangi yake ya chakula, kisha kumiminwa moja juu ya nyingine kabla ya ya chini kukauka. Rangi nzito hufaa kuliko ya maji, kwa kuwa maji ya ziada huchelewesha kuganda. Kalibu za silikoni huipa sura ya nyota, ua au mwezi mwandamo. Kakao ya Kyela au kahawa ya Kilimanjaro iliyosagwa laini huchanganywa na maziwa ya unga kabla ya kutiwa. Korosho na lozi hukaangwa kwanza ili zitoe unyevu. Tende hukatwa vipande vidogo na kubandikwa juu, kwani ndani hulowesha sehemu zinazoizunguka.

Unga wa ubuyu una masharti zaidi. Uchachu wake hukatisha maziwa, na ukichemka pamoja na shira huivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hugoma kuganda na huvuta unyevu wa hewa. Kwa hiyo hunyunyiziwa juu wakati uso ungali unanata, na haupikwi. Kanuni hiyo hiyo inahusu ndimu na asali.

Hewa ya pwani nayo ina kauli yake. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na Idi el-Fitri za 2022 hadi 2025 ziliangukia kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei, ndani ya masika. Katika siku za mvua shira hupikwa nyuzi moja au mbili zaidi, na vipande hufungiwa mara tu vinapopoa. Krismasi huja na joto la kaskazi. Labania yenye samli nyingi hutoa mafuta juu, hivyo samli ipunguzwe.

Sinia lililoharibika halitupwi. Labania iliyokataa kushikana shira yake haikufika, iliyokwaruza ilipigwa ikiwa moto mno au ilikorogwa katikati ya mchemko, iliyomong'onyoka ilipitiliza. Zote tatu hurudishwa sufuriani na vijiko vitatu vinne vya maji, zikayeyushwa kwa moto mdogo na kupikwa tena hadi kidonge laini. Safari hii maziwa yamo ndani ya moto, nayo huungana na sukari na kugeuka kahawia. Matokeo ni labania ya kahawia yenye harufu ya maziwa yaliyokauka, na wako wanaoipika hivyo kwa makusudi.

Kwa zawadi, kila kipande hufungwa peke yake kwa karatasi isiyopitisha mafuta, kisha hupangwa kwenye kopo au boksi linaloziba vizuri. Mfuko wa plastiki wa kubebea umepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo boksi hubebwa ndani ya kikapu au mfuko wa kitambaa. Mahali pakavu labania hukaa wiki moja hadi mbili. Ikihifadhiwa kwenye friji, boksi lisifunguliwe kabla halijafikia joto la chumba, maana umande utatua juu ya vipande na kuviyeyusha. Juu ya boksi iandikwe tarehe ya kupikwa, na maziwa yaliyomo, pamoja na karanga, lozi au korosho kama zimo, vitajwe wazi, kwa kuwa wako wanaodhurika navyo.

Zawadi ikigeuka biashara, taratibu huongezeka. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) hutoa mafunzo ya usindikaji na vifungashio kwa wazalishaji wadogo.