Je, Wajua? Maajabu ya Kopo, Pakiti na Mbuzi ya Nazi

Kuna wapishi wanaoapa kwamba chakula ni kile kilichokunwa, kikatwangwa na kuchambuliwa nyumbani, na kuna wanaochana pakiti maji yakiwa yameshachemka. Nimezisoma habari za pande zote mbili kwa hamu kubwa. Hizi ndizo nilizoshindwa kukaa nazo peke yangu.

Kopo lilitangulia, kifungulio kikachelewa

Chakula cha kopo kilianza kutengenezwa kiwandani London mwaka 1813, lakini vifungulio vya makopo havikupatikana mpaka miaka ya 1850! Kwa muda wote huo wa katikati, mnunuzi alielekezwa achukue nyundo na patasi, akate kopo kuzunguka ukingo wa juu. Mwanzilishi wa mambo haya ni mtengeneza peremende wa Ufaransa, Nicolas Appert, aliyefungia nyama, mbaazi na maziwa ndani ya chupa za kioo kisha akazichemsha. Mwaka 1810 serikali yake ilimzawadia faranga 12,000 kwa sharti kwamba aichapishe mbinu hiyo kila mtu aijue. Mwaka huohuo Peter Durand akapata hataza Uingereza ya kutumia makopo ya bati. Na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwa nini chakula hakiozi. Habari ya vijidudu ilikuja kuelezwa na Louis Pasteur miaka ya 1860, makopo yakiwa yameshazunguka dunia.

Tui la boksi halikatiki, na lina sababu

Anayepika mchuzi wa samaki kwa tui la kukamua anaijua hofu hii: moto ukizidi na mwiko ukasimama, tui linakatika, mafuta yanaelea juu na maji yanabaki chini. Tui la boksi unaweza kuliacha ukaenda kumfungulia mgeni mlango. Siri ni kwamba tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi yenyewe. Moto mkali huzivuruga protini hizo, matone yakakutana na kujitenga. Kiwandani huongezwa gamu ya guar au kitu kingine cha kuyashikilia, na tui linatulia hata likichemka kwa fujo.

Unga wa tui una ajabu yake nyingine: pakiti nyingi zina protini ya maziwa ya ng'ombe, ambayo husaidia mafuta ya nazi yakauke yawe unga. Mwenye mzio wa maziwa, au aliyefunga asile kitu chochote cha mnyama, asome maandishi madogo ya nyuma. Lenyewe boksi ni la kutazamwa kwa heshima: ni karatasi ngumu, plastiki na foili ya alumini iliyo nyembamba mno, kama sehemu moja ya kumi ya unene wa unywele, na foili hiyo ndiyo inayozuia mwanga na hewa visiingie.

Sasa mtazame anayekuna. Amekaa juu ya mbuzi, kifuu kimoja mikononi, anakizungusha kidogo kidogo kwenye meno ya chuma na kukiondoa kabla hajafikia ganda la kahawia, maana tui litaharibika rangi. Nazi iliyokunwa inatiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kwenye kifumbu. Mkamuo wa kwanza, mzito, unawekwa kando. Wa pili na wa tatu ndio wa kuivishia, na lile zito huingia mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa. Kwa hiyo nazi moja inampa mpishi tui la aina mbili au tatu, kila moja na kazi yake, ilhali boksi lina uzito mmoja tu. Kwa maoni yangu wali wa nazi unalivumilia boksi bila shida, lakini samaki wa kupaka hapana. Njia ya katikati ipo sokoni: mwenye mashine anakukunia nazi unasubiri, ukamuaji unabaki wako.

Maharage ya Nairobi huchelewa kuliko ya Mombasa

Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Uongeze moto upendavyo, hayapandi zaidi ya hapo, kwa hiyo maharage yaleyale yanakaa jikoni muda mrefu zaidi. Presha kuka inalitatua jambo hili kwa kuufungia mvuke, na maji yanafika karibu nyuzi 120. Utadhani ni chombo cha kisasa! Mfaransa Denis Papin alikionyesha London mwaka 1679, na valvu ya usalama aliibuni yeye.

Bibi zetu walikuwa na njia yao ya mkato: magadi. Chumvi hiyo hulegeza kile kinachozishikanisha chembe za maharage, nayo yakalainika mapema. Gharama yake ni vitamini B1, ambayo magadi huiharibu.

Na hapa nakuomba usikilize vizuri. Maharage mekundu mabichi yana sumu, lektini, ambayo punje nne au tano tu zinatosha kumtapisha mtu mzima. Kuyachemsha kwa nguvu kwa dakika kumi au zaidi kunaimaliza. Lakini yakipikwa polepole kwenye joto la nyuzi 80 hivi, bila kuchemka kabisa, sumu inaweza kuongezeka kuliko ilivyokuwa yakiwa mabichi. Wenye vyungu vya umeme vya kupikia taratibu wayachemshe kwanza kwenye sufuria. Maharage ya kopo yameshapikwa ndani ya kopo lenyewe, kwa joto linalozidi lile la maji yanayochemka, kwa hiyo ni salama hata yakiliwa ya baridi.

Usukumani walikuwa na chakula cha haraka kabla ya viwanda

Viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa, Wasukuma huviita michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, ni matobolwa. Tofauti yake jikoni ni kubwa: michembe lazima ipikwe, matobolwa unaweza kuyatafuna palepale kwa sababu yameshaiva. Kuivisha kwanza, kukausha, kuhifadhi, kisha kula bila kuwasha moto: hiyo ndiyo kazi inayofanywa na viwanda vya vyakula vya papo kwa papo, na Kanda ya Ziwa waliifanya kwa jua.

Unga wa keki uliorudishiwa mayai

Unga wa keki wa kuongeza maji tu ulipata hataza Marekani mwaka 1933. Kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh ilikuwa na molasi nyingi kuliko inavyoweza kuuza, ikazikausha pamoja na unga, sukari na mayai ya unga. Hadithi inayosimuliwa kila mahali inasema kwamba katika miaka ya 1950 mtaalamu wa saikolojia, Ernest Dichter, ndiye aliyegundua kwamba akina mama wanaona hatia wakipika kirahisi mno, akashauri wapewe yai la kuvunja wenyewe. Ni hadithi tamu, ila hataza ya pili ya Duff, ya mwaka 1935, tayari ilikuwa imemwachia mpishi aweke mayai mabichi. Na sababu ya ladha inatosha yenyewe: keki ya yai bichi huumuka vizuri na haina ile harufu ya yai lililokaushwa.

Kilo sita ndani ya moja

Kupata kilo moja ya nyanya nzito ya kopo, kiwanda huchemsha karibu kilo sita za nyanya mbichi na kufukuza maji yake. Kinachokuja na wekundu huo ni likopeni, ambayo mwili huifyonza vizuri zaidi nyanya ikiwa imepikwa na mafuta kuliko ikiliwa mbichi kwenye kachumbari. Kaanga kijiko chako kwenye mafuta mpaka rangi igeuke kuwa nzito, ndipo uongeze maji. Ule uchachu wa kopo utakwisha.

Mwaka 1908 mchuzi ulipata bahati mara mbili

Uswisi, kampuni ya Julius Maggi ilitoa kidonge cha kuungia mchuzi mwaka 1908. Mwaka huohuo, Tokyo, profesa Kikunae Ikeda alitenga kutoka kwenye mwani wa baharini kitu kinacholeta utamu ule wa supu usio wa sukari wala chumvi: glutameti. Kidonge cha dukani kimejaa chumvi na mara nyingi hicho kitu cha Ikeda pia. Lakini hukihitaji kila siku, maana nyanya iliyoiva vizuri ina glutameti yake ya asili. Mwaka 1913 mwanafunzi wa Ikeda, Shintaro Kodama, akapata cha pili, inosineti, kwenye samaki mkavu, na baadaye ikagunduliwa kwamba viwili hivi vikikutana ladha haijumlishwi tu, inazidishwa mara kadhaa. Dagaa wakavu na nyanya kwenye sufuria moja! Mama wa Mwanza au Kigoma hakumsubiri profesa.

Sembe hudumu kwa kile ilichopoteza

Dona huanza kuwa chungu mapema kuliko sembe kwa sababu ya kiini cha hindi, ambacho ndicho chenye mafuta, na mafuta huchacha. Sembe imeondolewa kiini na ganda, ikapata weupe na maisha marefu dukani, ikapoteza nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Ndiyo maana Tanzania ilitunga kanuni za kurutubisha unga wa viwandani mwaka 2011, na Kenya ikafuata 2012: chuma, zinki na asidi ya foliki vinarudishwa kwa kipimo. Ukisaga mahindi yako mwenyewe, saga ya wiki mbili tatu.

Kitunguu saumu kizima hakinuki

Kinuse kikiwa na maganda yake: karibu hakuna kitu. Harufu haimo ndani, inazaliwa papo hapo unapokiponda. Kimeng'enya kilichokuwa chumba kimoja kinakutana na kemikali iliyokuwa chumba cha pili, na ndani ya sekunde chache inatokea alisini, yenye ukali wote tunaoujua. Haidumu. Ndiyo sababu kile kilichosagwa na kutiwa kwenye chupa na siki, hata kiwe kizuri namna gani, hakikifikii kilichotoka kwenye kinu sasa hivi. Katika vitu vyote vilivyomo humu, hiki ndicho ambacho ningekusihi usikinunue kimesagwa. Wala usitengeneze chako cha kukaa wiki ndani ya mafuta: mwaka 1985 watu 36 waliugua botulismi Vancouver, Kanada, kwa kula kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, kwa sababu kijidudu chake hustawi mahali pasipo na hewa.

Kahawa ya haraka kuliko zote haihitaji hata maji

Kahawa ya unga ya Nescafé iliingia sokoni mwaka 1938, baada ya Brazili kulemewa na kahawa isiyopata wanunuzi. Lakini Wahaya wa Kagera tayari walikuwa na ya kwao. Huchuma robusta, huichemsha pamoja na majani ya viungo, huikausha, kisha huitafuna. Mgeni akifika hupewa punje mkononi kabla ya mazungumzo, na zamani waliochanjiana udugu walizitumia kutia muhuri agano lao. Mjini Bukoba, robusta hiyohiyo ndiyo inayogeuzwa Africafé na kiwanda cha Tanica. Ukifika huko, omba zote mbili siku moja, na uanze na ile ya kutafuna.